Baba na watoto wadogo msimu wa masika Tanga: kazi za kila siku na namna ya kuzifanya

Masika ya Tanga hushika kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Mei, na mvua nzito zaidi huwa za Aprili na Mei. Kaskazi limekwisha, kusi linaingia, bahari inachafuka. Ngalawa nyingi zinakaa pwani, mafundi ujenzi wanasubiri kukauke, na bodaboda hawana abiria saa za mvua. Baba wengi wa Ngamiani, Makorora, Mikanjuni hadi Pongwe hujikuta nyumbani asubuhi ambazo miezi mingine huzipoteza kazini. Watoto nao wamefungiwa ndani na mvua. Hakuna msimu mzuri kuliko huu wa kumlea mtoto kwa mikono yako mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa baba mwenye watoto wa mwaka mmoja hadi sita. Kanuni yake ni moja: chukua kazi nzima, usichukue kipande. Baba anayejaza maji beseni kisha akamwita mama amalizie hajaogesha mtoto. Mtoto mdogo humzoea anayemlisha, anayemwosha na anayemlaza, na hayo hayanunuliki kwa zawadi ya Jumamosi.

Asubuhi: viatu na uji

Kabla mtoto hajavaa kiatu chochote kilicholala sakafuni, kigeuze na kukigonga mara mbili tatu. Mashimo yakijaa maji, nge na tandu huhamia pakavu, na ndani ya gambuti ni pakavu kuliko kwingine. Jongoo naye ataingia. Huyo hang'ati, ila akibanwa hutoa majimaji yanayowasha ngozi na kuunguza macho, kwa hiyo mtoto aliyemshika anawe kwa sabuni kabla hajajisugua uso. Usimfundishe kumwogopa jongoo. Mwonyeshe anavyojiviringisha, atakaa naye nusu saa.

Uji wa watoto wawili: lita moja ya maji kwa vijiko vya chakula kumi vya unga, kijiko cha msawazo kisicho na kilima. Toa robo ya maji hayo yakiwa baridi, vuruga unga humo mpaka usione bonge. Robo tatu zilizobaki zikichemka, mimina taratibu huku unakoroga bila kuacha mwiko. Punguza moto, upike dakika kumi na tano. Mabonge hutokana na unga mkavu kukutana na maji yanayochemka, na hayaponi kwa kukoroga. Anza upya au chuja. Mwishoni tia tui la nazi kidogo au vijiko viwili vya karanga zilizosagwa laini. Karanga nzima usimpe mtoto wa umri huu, zinakaba.

Pima uzito wa uji kwa kijiko. Ukiinamisha, uji ushuke pole pole na sehemu ibaki imeng'ang'ania. Uji unaotiririka kama chai hujaza tumbo maji, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Atashiba kabla hajapata nguvu yoyote.

Masika yana hatari yake kwenye unga. Mahindi, karanga na makopa ya muhogo yaliyonyeshewa huota ukungu, na ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, sumu isiyoisha kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Chambua mahindi na karanga kabla ya kusaga: punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe kabisa, hata kuku wasipewe. Unga wa bada, yaani ugali wa muhogo, nunua kwa muuzaji unayejua anaanika wapi makopa yake. Nyumbani, gunia likae juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta.

Mchana, ukimlisha mtoto bada au wali kwa samaki, chagua nguru au jodari, ambao miiba yao ni mikubwa na inaonekana. Changu ni mtamu lakini ana miiba ya pembeni inayojificha kwenye mnofu. Vunja kila tonge kwa vidole vyako kabla halijaingia kinywani mwake. Macho hayatoshi, mwiba huhisiwa kwa vidole.

Baiskeli na mtoto, njia ikiwa imelowa

Tanga ni mji wa baiskeli, na baba kumpeleka mtoto chekechea au chuoni (madrasa) kwa baiskeli ni jambo la kila siku. Ndiyo maana linahitaji uangalifu kuliko yote.

Mtoto asiyeweza kukaa imara bila kuegemea hapandishwi. Chini ya mwaka mmoja, mbebe utembee. Kuanzia hapo afungiwe kiti juu ya keria, chenye mgongo unaofika mabegani, mkanda wa kumshika kiunoni na mahali pa kukanyaga. Mkanda ni lazima kwa sababu mtoto husinzia. Akisinzia, mguu hutoka kwenye kikanyagio na kisigino kinaingia kwenye spoku. Gurudumu linaendelea kuzunguka, na ngozi ya kisigino hutoka yote, wakati mwingine na mshipa wa nyuma. Jeraha hilo huchukua wiki nyingi kupona, na kinga yake ni dumu kuukuu la lita ishirini. Kata pande mbili bapa za dumu, zifuate mviringo wa gurudumu la nyuma kuanzia keria hadi chini ya miguu ya mtoto, toboa matundu kwa msumari wa moto, zifunge kwa waya kwenye fremu na kwenye vyuma vya keria. Ncha za waya zikunjwe ndani. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likigusa plastiki mahali popote, legeza ufunge upya.

Mvua ikinyesha, ringi hulowa na mpira wa breki huteleza juu yake. Unapokaribia kona au makutano, bonyeza breki kidogo kidogo mara tatu nne ili maji yafutike, kisha ndipo usimame, na uanze mapema, umbali mara mbili ya ule wa kiangazi. Mchanga ukinata kwenye mpira wa breki utausikia ukikwaruza. Usiuache hivyo, unaila ringi. Ukifika nyumbani, suuza kwa maji na uchokonoe mchanga kwa kijiti.

Mwavuli ukiendesha haufai, upepo mmoja unatosha kuwaangusha nyote. Mtoto avae koti lake la mvua, kofia isifunike macho, na kamba za kofia zichomekwe ndani zisifungwe shingoni. Koti lako au kanga uliyomfunika visining'inie karibu na gurudumu au mnyororo.

Barabara ikifunikwa na maji, shuka. Chini yake kuna mtaro usio na mfuniko au shimo lililochimbwa wiki iliyopita, na hulioni. Maji yanayokimbia yakikufika magotini yana nguvu ya kukuangusha wewe mwenye mtoto mkononi. Subiri yapungue au zunguka. Kuchelewa chekechea si kosa.

Kuogesha, kufua, kuanika

Tia maji baridi kwanza kwenye beseni, ya moto yafuate. Ukigeuza utaratibu huo, kuna dakika ambapo beseni lina maji ya kuunguza na mtoto yuko karibu. Jaribu kwa kiwiko, kiganja cha mtu mzima kimekwisha zoea joto. Anza na uso bila sabuni, kisha mwili, kichwa mwishoni ili asipate baridi. Baada ya kuoga kausha shingoni, kwapani, mapajani na katikati ya vidole vya miguu, halafu ndipo upake mafuta. Fangasi wa masika huanzia penye unyevu, na kupaka mafuta ya nazi juu ya ngozi iliyolowa ni kuufungia unyevu ndani.

Usimwache mtoto na beseni hata ukiwa unafuata taulo mlango wa pili. Maji ya sentimita chache yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, na hazami kwa kelele. Vivyo hivyo ndoo na mapipa ya kukinga maji ya mvua: mfuniko mzito au yawe mahali asipofika.

Nepi na nguo haziwahi kukauka Aprili. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au zilizolazwa chini, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutoa uvimbe kama jipu. Kwa hiyo anika kambani, juani jua likitoka, na kila nguo ya mtoto ipigwe pasi pande zote mbili, hasa mishono na mipira ya kiunoni. Joto la pasi ndilo linaloua mayai.

Jambo la kukataa kabisa ni kukaushia nepi juu ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala nayo wasiamke. Jiko likae nje au barazani, na pasi ya mkaa ijazwe huko huko.

Ngalawa ya kumbi

Mvua ikipungua ikawa manyunyu, watoto watataka maji. Mitaro ya barabarani hairuhusiwi, kwa mkondo wake na kwa vyoo vinavyofurika ndani yake. Wape ngalawa na beseni.

Utahitaji kumbi la nazi lililokauka, chelewa (njiti za majani ya mnazi), bua kavu la mahindi, uzi wa katani, msumari na kipande cha kanga kuukuu. Chana kumbi upate kipande chenye urefu wa shibiri moja, chenye ncha pande zote mbili kama kilivyo kwa asili. Upande laini wa nje ndio tumbo la chombo, nyuzi ziwe juu. Kumbi la dafu ni zito na limejaa maji. Litaelea dakika tano kisha lizame.

Matengo, yaani vielea vya pembeni vinavyozuia ngalawa kupinduka, yafuate. Laza chelewa mbili kukingama chombo, moja robo ya njia kutoka omo (mbele), nyingine robo kutoka tezi (nyuma), kila moja na urefu kama wa chombo chenyewe. Zifunge kwa katani kwa mafundo ya msalaba. Kwenye ncha zake, kila upande, funga kipande cha bua chenye urefu wa vidole vinane, kiwe sambamba na chombo. Elea kwanza bila tanga. Kikiinama upande mmoja, bua la upande huo liko juu mno au karibu mno na chombo. Lisogeze nje kidogo.

Toboa tundu la mlingoti theluthi moja kutoka omo, msumari uingie nusu tu ya unene. Mlingoti usizidi urefu wa chombo. Tanga likate pembetatu, dogo kuliko unavyodhani, kwa sababu kosa la kawaida ni tanga kubwa: upepo wa kwanza wa kusi unakipindua. Kata vidole viwili kutoka juu, ujaribu tena, mpaka kisimame.

Kazi ya mtoto wa miaka miwili ni kushika uzi na kuchagua rangi ya tanga. Wa miaka minne anafunga fundo la kwanza, nawe unaliimarisha. Wa sita anaweza kulainisha tumbo la chombo kwa jiwe. Kisu ni chako peke yako. Acha fundo lao baya libaki hata kama lako ni zuri zaidi, maana watakisimamia chombo chao majini kwa sababu wanajua mahali walipofunga.

Siku mbili baada ya mvua kubwa, maji yakitulia na kusafika, kipelekeni ufukweni Raskazone. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kwenye saa nne asubuhi na kuacha vidimbwi vya kutosha kwa mtoto. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa kama dakika hamsini. Wavae yeboyebo miguuni, kina kisizidi magoti ya mtoto, nawe uwe umbali wa kumshika kwa mkono mmoja. Kimbiza watoto nyumbani mkisikia radi ya kwanza, na msijikinge chini ya mnazi.

Msako wa vifuu

Mlipuko wa homa ya dengi wa mwaka 2019 uliifikia Tanga, na mbu wake huuma mchana na kutaga kwenye maji safi yaliyotuama: kifuu, kopo, tairi, sahani ya chungu cha maua. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au zaidi kidogo, hivyo chagua siku moja ya wiki na usiiruke. Mpe kila mtoto ndoo ndogo, wazunguke uani wakimwaga kila kilichoshika maji. Kabla ya kumwaga cha kwanza, chota kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani. Wataona viluwiluwi vikipanda juu kupumua na kuzama kwa kujikunjakunja ukigonga chupa. Mtoto aliyeviona atakukumbusha siku ya msako bila kuambiwa. Chupa hiyo nayo imwage siku hiyo hiyo.

Pembeni ya uani pandeni kunde. Punje mbili kila shimo, kina cha kidole gumba hadi kifundo cha kwanza. Zinaota siku tatu hadi tano, muda ambao hata mtoto wa miaka mitatu anaweza kuvumilia. Zikioza, umezipanda penye maji yaliyotuama, inua tuta. Mboga ya majani utachuma baada ya wiki tatu hadi nne, na mtoto atakula alichokipanda.

Jioni na chandarua

Chandarua kipya chenye dawa kitundikwe kivulini siku nzima kabla ya kulaliwa, vinginevyo kinawasha macho. Kishushe kabla ya magharibi, kichomeke chini ya godoro pande zote nne, na mtoto alale katikati, maana mbu anauma kupitia wavu ukigusana na ngozi. Kifue mara chache, kisizidi mara nne kwa mwaka, kwa sabuni ya kipande, na ukianike kivulini. Jua na sabuni kali ya unga huimaliza dawa.

Umeme ukikatika, tumia taa ya sola au tochi. Koroboi na mshumaa havikai karibu na chandarua. Giza likiingia, vitendawili ndio wakati wake: Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Mtoto wa miaka mitatu atajibu vibaya usiku tatu mfululizo. Mwombe mji, umwambie ni yai, kesho umtegee tena lile lile. Furaha yake ni kujua jibu kabla hujamaliza. Kwa wa miaka mitano ongeza: kila niendapo ananifuata. Shika taa nyuma yake, kivuli chake kiende ukutani, atajibu mwenyewe.

Kuhara na homa

Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Weka nyumbani pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki kabla hamjavihitaji, kwa sababu kuhara huanza usiku na duka la dawa limefungwa.

Pakiti moja ni kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, pungufu ya hapo chumvi inazidi. Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, wa miaka miwili na zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa kunywa kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea polepole zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, 10 kwa mdogo zaidi, siku kumi hadi kumi na nne hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Kunyonya na kula kusisimame.

Homa ni joto la kwapani la 37.5 au zaidi. Masika, kila homa ya mtoto ipimwe malaria siku hiyo hiyo kwa kipimo cha haraka kwenye zahanati. Usimpe dawa mseto ya malaria iliyobaki kwa ndugu yake. Ukipewa dawa mseto, ni mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, na imezwe na maziwa au chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. Baba wengi huacha siku ya pili mtoto akianza kucheza, na homa hurudi.

Akiwa na kikohozi, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka hadi mitano, ni dalili ya nimonia, mpeleke bila kusubiri asubuhi. Mpeleke vilevile mara moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kutoamka vizuri.

Chukua kadi ya kliniki. Mganga atakuuliza homa ilianza lini, amehara mara ngapi tangu jana, mara ya mwisho alikojoa saa ngapi, amepewa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Yaandike nyuma ya daftari la shule kila yanapotokea, na daftari hilo uende nalo.